Jiwe la Mwakio kutoka Shanzu

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, shambani au njiani kwenda kisimani, nami nimejibu kwa maneno mawili matatu na kuondoka. Haikuwa kiburi, maneno yalikuwa hayajanikaa mdomoni. Sasa nimeona afadhali niandike yote mara moja, nanyi msomeane. Shule yangu iliishia darasa la nne pale misheni, kwa hiyo msitafute maneno ya fahari humu. Nitaandika nilichokiona na nilichoambiwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Wote mlimjua mdogo wangu Mwakio. Alishuka pwani akapata kazi katika hoteli moja ya Wazungu kule Shanzu, kazi ya kuwapeleka wageni baharini kutazama samaki na matumbawe. Mgeni huvaa miwani mikubwa isiyoingiza maji, akaweka mdomoni mrija wa kuvutia hewa, akalala kifudifudi juu ya maji na kutazama chini, na Mwakio huogelea kando yake akimwonyesha hiki na kile. Krismasi alitusimulia hayo, tukacheka mpaka mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akatuambia pia kwamba kule haitwi Mwakio, anaitwa Juma, maana wageni hawawezi kushika majina yetu. Alikuja na shati lake jeupe la kazi, jina hilo limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Lilikuwa limechanika begani, mama akalitia kiraka kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha.

Baada ya mavuno akaja binamu yetu Mwadime, anayefanya kazi Changamwe kwenye matangi ya mafuta. Alileta habari kama alivyopewa: Mwakio alikunywa pombe, akaingia kuogelea mbele ya hoteli, akazama, na mwili haukuonekana. Mzee wa kanisa alipoisikia ile pombe, akasema ibada ya kumkumbuka haitawezekana. Mama hakubishana naye. Alihamisha kigoda chake mlangoni, akakaa.

Mnajua desturi ya nyumba yetu. Mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali haingii hivi hivi. Husimama nje mpaka mama wa nyumba amwite kwa jina lake, ndipo anavuka kizingiti. Mama alikaa pale mlangoni siku nyingi, kisha akaniambia, "Jeremia, nenda ukaniletee kitu cha pale alipolala. Ukichukue kwa mkono wako. Usimtume mtu. Ninyi mmenyonya ziwa moja."

Na alipolala ni chini ya maji, mahali wanapokwenda wale wageni. Basi mimi, ambaye maji hayajawahi kunipita magoti, ilinibidi niende kutazama samaki.

Kwenye treni

Ruhusa kule kwenye shamba la mkonge ninakofanya kazi niliipata kwa shida, lakini hayo yapite. Nilipandia Voi, daraja la tatu. Treni ilikwenda vizuri mpaka Samburu, pale ikasimama juani kungoja treni nyingine ipite, na hakuna aliyetueleza itapita lini. Wa daraja la kwanza waliletewa chai. Sisi tulitazama ile chai ikipita.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kigiriama mwenye kikapu cha mihogo. Aliniuliza, "Baba, waenda Mombasa kutafuta kazi?"

"La, mama. Naenda Shanzu, kutazama samaki baharini."

"Kuvua?"

"Kutazama tu."

Alicheka, na wenzake wakacheka. "Samaki huliwa, baba. Hatazamwi. Huyu amesoma sana huyu." Kijana mmoja nyuma akadakia kwamba labda uhuru umekwisha kuja bila sisi kuambiwa, na watu weusi nao wameanza kwenda kutembea hotelini. Behewa zima likapata la kufurahia.

Niligeuza uso dirishani. Nadhani ndipo yule mama alipokiona kitambaa cheusi nilichofunga mkononi. Alichagua muhogo wa kuchemsha, mkubwa kuliko wote, akaniwekea juu ya goti. Nilikuwa na hasira naye bado, lakini niliula.

Changamwe

Mwadime alinipokea stesheni ya Changamwe. Huko hewa yenyewe ina ladha ya mafuta, na malori hayalali. Chumba chake ni kimoja, na wanaishi watatu. Walinipikia ugali na samaki mkavu. Nilikula ugali kwa chumvi, nikasema tumbo haliko sawa.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Aliyekuambia Mwakio alikunywa ni nani?"

"Mnyapara wa pwani, kule hotelini."

"Alimwona akinywa?"

"Sikumuuliza."

"Wewe ulimwona Mwakio akinywa, siku zote ulizokaa naye?"

Mwadime alikuna kichwa. "Hapana. Lakini wakubwa walikuwa wamekwisha kusema, kaka. Ningewaambiaje?"

Nisingeweza kumpiga mtu chumbani kwake. Lakini niwaambie kweli, nililala nimempa mgongo. Alibeba maneno ya mtu asiyemjua kutoka pwani mpaka mlangoni kwa mama yangu, wala hakuyageuza hata mara moja kuona chini yake kuna nini.

Shanzu

Asubuhi nilivuka kisiwa, nikafika daraja la Nyali. Daraja lile linaelea, na lori likipita unalisikia likitikisika chini ya nyayo. Upande wa pili nilipata basi, likaharibika, tukaingia jingine. Sehemu ya mwisho nilitembea, kwa sababu dereva alisema abiria wa hotelini hawaji na basi.

Getini palikuwa na askari mpya, mtu mpole. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kwa habari za Mwakio.

"Hapa hapana mtu wa jina hilo."

"Aliyekuwa akiwapeleka wageni kutazama samaki. Mtaita."

"Sijui kabila. Huyo wa kuwapeleka wageni ni Juma."

"Ndiyo," nikasema. "Huku alikuwa akiitwa Juma."

"Basi ngoja hapo kivulini. Juma yuko majini na wageni. Atarudi sasa hivi."

Nilijua ndugu yangu amekufa. Nilikuwa nimelia, nimenyoa nywele, nimesafiri kwa ajili ya kufa kwake. Lakini kwa maneno yale nilikaa chini nikaanza kufikiri mambo ya kitoto: kwamba waliokosea ni wao, kwamba aliyezama ni mwingine, kwamba nitamgombeza kwa kututia uchungu bure. Kisha nikaliona shati jeupe likija juu ya mchanga. Lilipokaribia nikauona ule uzi mweusi begani, mshono wa mama yangu, nikasimama.

Uso haukuwa wake.

"Askari anasema wanitaka, bwana," akasema yule kijana. "Mimi ndiye Juma."

Nilinyoosha kidole nikagusa kile kiraka. Alikitazama kidole changu, akanitazama usoni, na nikaona amejua mimi ni nani. Lakini mnyapara alikuwa amekwisha kufika, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, na yule kijana akarudi nyuma hatua moja.

Nilimwambia mnyapara haja yangu kwa adabu: nataka kupelekwa mahali ndugu yangu alipozama, nishuke mwenyewe, na nitalipa kama wanavyolipa wageni.

"Wewe? Uvae miwani?" Akageuka kwa askari. "Msikilize huyu. Ukitaka kuona samaki nenda sokoni, bwana. Wamelala juu ya meza, hutalowa."

"Ndugu yangu alikuwa akienda kila siku."

"Alikuwa akienda kazini. Na hakuvaa miwani, watumishi hawapewi. Miwani huvaliwa na mabibi wa Kizungu. Ukishaivaa wewe, nani ataivaa tena?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba Mwakio alikuwa akiingia katika bahari ile kwa macho matupu, akiwaonyesha watu wenye miwani vitu ambavyo yeye aliviona kama mtu anayetazama ndani ya uji. Krismasi alipotusimulia hakulisema hilo. Labda aliona haya kwa niaba yao.

Mnyapara aliniambia kwamba kama nataka kazi ya kufyeka nyasi nije mwisho wa mwezi.

Kisauni

Nilikuwa nimefika mbali barabarani niliposikia kengele ya baiskeli. Ni yule kijana, amevua lile shati na kulikunja chini ya kwapa.

"Ngoja, ndugu yangu. Jina langu ni Bakari. Panda, twende nyumbani kwa mama."

Nyumba yao iko Kisauni, ya makuti, uani kuna mpapai. Mama yake, Bi Mwanaisha, aliitika shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, akanitandikia mkeka, akaleta wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Tangu asubuhi sikuwa nimekula. Nilichota wali wa pembeni, ule ambao mchuzi haukuugusa. Aliona.

"Kwani nini, mwanangu? Watuona si wasafi? Ama dini yako yakukataza?"

Bakari aliinamisha kichwa. Nikaona nikinyamaza nitamdhulumu mwanamke yule, nikasema, "Mama, samaki huyu ametoka bahari ile ile. Mdogo wangu yumo."

Bi Mwanaisha alishika ile sahani kwa mikono miwili, akaiondoa taratibu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Alirudi na mbaazi. Siku zote nilizokaa pale samaki hakuingia nyumba ile, si kwangu, si kwa Bakari, na hao ni watu ambao samaki kwao ni kama maharage kwetu. Jioni nilimsikia akimwambia mwanawe, "Yule Mtaita utampeleka. Ukikataa, utajipikia."

"Sikukataa, mama."

"Na wala usimwambie wewe Juma. Mimi nalikupa jina siku ya saba, nikachinja mbuzi. Wao wamekupa Juma kwa shati."

Bakari hakukataa, lakini alinitia wazimu. Nilimuuliza, "Kesho?" Akasema, "Kesho maji mafu, hayapwi sana." Nikauliza, "Keshokutwa?" Akasema, "Bado, twangoja bamvua, siku maji yapwapo kabisa." Siku iliyofuata hivyo hivyo. Ruhusa yangu ilikuwa inakwisha, na mimi nakaa juu ya mkeka nikinenepeshwa kwa mbaazi. Mwishowe nikamwambia kwa ukali, "Ninyi watu wa pwani hamna saa? Mnyapara wako alinifukuza siku ile ile. Wewe wanifukuza kidogo kidogo."

Hakukasirika. "Kaka Jeremia, wageni nao huuliza saa ngapi. Wao twawajibu saa, kwa sababu ndivyo tulivyoamriwa. Wewe nakujibu maji. Pale nitakapokupeleka, nikikosea maji, Bi Mwanaisha atakaa mlangoni kama mama yako."

Nilikuwa nimemwambia mambo ya mama.

Katika kungoja alinifundisha kwenye kidimbwi cha maji ya chumvi, karibu na mikoko. Alikuwa na miwani moja, mkanda wake umekatika na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, na mrija. Nilikunywa maji, nikakohoa, wanawake waliokuwa wakiokota chaza wakaketi kunitazama. "Mpakazeni mafuta aelee," akasema mmoja. Bakari aliniambia, "Usipigane nayo. Jilaze kama waenda kulala." Nililichukia neno hilo, lakini ndivyo ilivyo. Ukiacha kupigana nayo, yanakubeba.

Mlangoni

Siku ya mapumziko yake ikaangukia bamvua. Tulitoka asubuhi kwa mtumbwi wa jirani, kutoka pwani iliyo mbali na hoteli, maji yakiwa yamepwa sana. Kule mbele wimbi linavunjikia juu ya mwamba mrefu uliozunguka pwani kama ukuta wa boma, na ndani ya ukuta maji yametulia.

Bakari alinifunga kamba kiunoni, akanishusha. Niliweka uso majini.

Nimeahidi ukweli, basi nauandika. Ni pazuri. Kuna mawe yaliyoota kama kabichi na kama pembe za kulungu, na samaki wa manjano, wa buluu, wenye mistari kama shuka, wanapita karibu na uso wako bila kukuogopa. Kuna viumbe vyeusi vyenye miiba kama nungu. Jua linashuka mpaka chini na kucheza juu ya mchanga. Kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, nilimsahau Mwakio. Kisha nikakumbuka, nikainua kichwa na kulia ndani ya ile miwani mpaka ikajaa. Niliona hasira juu ya uzuri ule. Mahali palipommeza mtu pangekuwa na aibu kidogo.

Tulisogea mpaka ukuta unapokatika. Wenyewe wanapaita mlango. Hapo mchanga unaisha ghafla, na chini ni buluu nzito isiyo na kitu. Bakari aliushika mwamba kwa mkono mmoja, na kiganja changu kwa mwingine.

"Ni hapa," akasema.

Nilitazama pwani. Paa la hoteli lilikuwa dogo kama kibiriti. "Mwadime aliambiwa alikuwa akiogelea mbele ya hoteli."

"Ndivyo walivyosema."

"Mlevi angefikaje huku?"

Bakari alikaa juu ya mwamba, akanieleza, nami nayaandika kama alivyoyasema. Siku ile yeye alikuwa akisafisha mashua ya hoteli, akayasikia yote. Mgeni mmoja alitaka kuona samaki wakubwa wa mlangoni. Mwakio alisema haiwezekani, maji yanatoka, yatatuvuta nje. Mgeni akamlalamikia mnyapara kwamba huyu Juma ni mwoga. Mnyapara akapiga filimbi, akasema, "Juma, mpeleke bwana." Mwakio akavua shati, akaliweka juu ya mashua, akaenda. Mgeni alirudi peke yake, amekumbatia boya. Walikuwa wamekwenda na boya moja tu, na boya hilo hushikwa na kiongozi.

"Pombe je?"

"Mwakio hakunywa hata soda ya watu."

"Na huyo mgeni alisema nini?"

"Aliambiwa Juma ameokolewa, amelazwa hospitali, atapona. Akasafiri siku ya pili. Akaacha miwani yake, akasema apewe Juma akipona." Bakari aligusa ile miwani iliyokuwa kwenye paji la uso wangu. "Mnyapara akanipa mimi. Kwani Juma ni mimi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwa mtu yeyote.

"Nani aliniuliza? Binamu yako alikuja, akazungumza na mnyapara, akaondoka. Asubuhi yake nilikuwa nimepewa shati. Bado lilikuwa na chumvi ya jasho lake."

Nilitaka kuivunja ile miwani juu ya mwamba. Lakini bila miwani nisingeona, na nilikuwa sijachukua nilichokuja kuchukua. Niliivaa tena. Bakari alifunga kamba ya nanga ukingoni, nami nikashuka nayo mkono kwa mkono, masikio yakiuma, mpaka nikafika pale ukuta unapoanza kuteremka. Nilishika jiwe la tumbawe lililokufa, kiasi cha ngumi. Lilinikata kiganja. Kama Mwakio alipita juu ya jiwe lile au la, sijui. Najua ni la mlango ule, na mkono ulikuwa wangu.

Tulipokuwa tukirudi Bakari akasema, "Kwenu sema yote. Kule hotelini ukisema, mimi na mama hatutakula." Kwa hiyo sikurudi hotelini. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika safari hii, kulipita lile geti nikiwa ndani ya basi na kunyamaza. Na karatasi hizi nawaomba zisishuke pwani. Jina la Bakari si jina lake, wala la mama yake si lake. Nimewaficha ili wasidhurike, na nimeona uchungu kumpa kijana yule jina jingine lisilo lake.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na la kusimulia. Treni ilichelewa tena. Nilimkuta mama pale pale kwenye kigoda. Sikuvuka kizingiti. Nilikaa chini mbele yake na kumweleza kila kitu, filimbi, boya na shati, huku mzee wa kanisa amesimama uani na kofia mkononi, maana nilimpitia makusudi ili asikie.

Mama aliuliza swali moja tu. "Huyo mgeni aliyepewa boya, anajua?"

Ningeweza kumdanganya, na labda ninyi mngenisamehe.

"Hajui, mama. Anadhani Juma yupo, amepona."

Aliinuka, akaingia ndani, akasimama upande wake wa kizingiti. Mimi nilibaki nje, nimelishika lile jiwe kwa mikono miwili.

"Mwakio," akaita.

Nikaingia nalo.